Mshale Uliokwama Kwenye Ishirini

Mlio ulitangulia. Ulikuwa mwembamba na mkavu, kama wa kifaranga aliyepotezana na mamake, ukitokea upande wa msikiti katika kiza chepesi cha baada ya alfajiri. Barabara ilipopanda, ulipanda nayo. Ukazama kwenye mashimo, ukaibuka tena. Mama alikuwa jikoni akichemsha chai na hakuwa na haja ya kuchungulia. "Baba yako huyo," alisema, akateremsha vikombe. Injini ilisikika baadaye. Kisha ikapinda kona kofia nyeupe, na chini yake baba, mgongo umesimama kama wa mtu anayepigwa picha, mahamri ya moto yakining'inia kwenye usukani.

Hivyo ndivyo zilivyoanza asubuhi zetu Magogoni, na mtaa mzima uliujua mlio ule. Ulitoka ndani ya kebo ya pikipiki, ule uzi wa chuma unaopanda kutoka gurudumu la mbele hadi kwenye geji ya mwendo. Ulikuwa umekauka, na kila gurudumu lilipozunguka ulilalamika. Watoto waliuiga. Muuza maji alipousikia aliusogeza mkokoteni wake pembeni kabla hajageuza shingo. Mimi niliupenda. Mama aliuonea haya.

"Bwana, kitu chako hicho kitatuaibisha," alimwambia baba siku moja, msimu wa joto. "Watu wanaamshwa kwa adhana, sisi tunawaongezea kuku."

Baba akacheka, na siku ile ile mlio ukakoma. Hatukumuuliza aliunyamazishaje. Kelele ikiisha, nani huuliza?

Pikipiki ilikuwa ya Kijapani, kongwe kuliko mimi, tangi lake jekundu limepauka likawa rangi ya kungumanga. Juu ya taa ya mbele ilikuwa na geji mbili za duara, moja ya mwendo na moja ya injini. Namba nilizijua kwenye kioo cha ile ya mwendo kabla sijazijua shuleni. Baba alinipakata juu ya tangi, akakishika kidole changu, akakitembeza ishirini, arubaini, sitini. Kwake geji hazikuwa mchezo. Maisha yake ya kazi aliyamalizia Kipevu, kwenye mitambo ya umeme, na kazi yake ilikuwa kuzisoma. Alipita katikati ya mashine zinazonguruma, akasimama mbele ya kila kioo, akaona mvuke umefikia wapi na joto limefikia wapi. Alijivunia mambo mawili: kwamba mshale ukitikisika hata unywele mmoja aliuona, na kwamba mashine ikianza kuugua aliisikia kabla mshale haujasema. Hili la pili alilisimulia kwa kujifanya mnyenyekevu. "Masikio tu," alisema. "Masikio ya mtu asiyependa kuitwa na mkubwa wake."

Msimu wa joto ukapita. Mvua zikaja zikaondoka, kikaingia kipupwe, zile asubuhi za baridi yetu sisi watu wa pwani, ambazo wageni kutoka bara huzicheka na sisi tunazivalia fulana. Asubuhi moja ya aina hiyo baba alirudi bila mahamri. Kioo cha pembeni kilikuwa kimepinda kama sikio lililovutwa, na kanzu yake imechanika gotini. Alikuwa ameparuza tuktuk iliyoegeshwa kando ya barabara. Ilikuwa tuktuk nyeupe, haikuwa inakwenda popote. Mwenyewe alikuwa ng'ambo akinywa kahawa, akaja mbio kumpa pole.

"Geji imekufa," baba alisema kabla hatujamuuliza neno. "Nilidhani naenda taratibu, kumbe naenda mbio. Geji imenidanganya."

Nikatoka kuitazama. Pikipiki ilikuwa juu ya stendi, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa baba, na mshale wa mwendo umekaa kwenye ishirini. Kitu kimesimama uani petu, karibu na ndoo ya nguo, na kinasema kinakwenda ishirini. Nikagonga kioo kwa kucha. Haukushuka.

Nilifurahi. Sijui niliandikeje jambo hili lieleweke: nilifurahi mno. Kwa sababu kulikuwa na mambo mengine, madogo madogo, ambayo hakuna aliyeyataja nyumbani. Baba alikuwa hawezi tena kutia uzi kwenye sindano, yeye aliyekuwa akijishonea vifungo mwenyewe. Miwani aliyokuwa akinunua kwa wachuuzi ilikuwa imelundikana kwenye kopo, kila mpya ikikaa kwa muda ikafuata zenzake. Watu na magari bado aliwaona, nilijiambia. Vitu vyembamba ndivyo vilivyomponyoka. Na mama alikuwa ameanza kumchambulia miba ya samaki kabla hajaketi kula. Aliichambua haraka, akiwa ameipa sinia mgongo, kama anayeficha kitu. Sasa palikuwa na geji mbovu kweli kweli, mbele ya macho yangu. Basi pengine ilikuwa geji tu.

Kaka yangu mkubwa alifika jioni. Anaishi Changamwe, ni wakala wa kutoa makontena bandarini, na huja kwetu akiwa bado na simu sikioni. Siku ile aliizima mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kukujulia hali."

"Hali ya geji ni mbaya. Yangu mimi, alhamdulillahi."

Kaka alikuwa ameshapita uani, ameshaona kioo kilichopinda. Akaketi kwenye mkeka. "Baba, tuktuk iliyosimama haigongwi kwa sababu ya geji. Inagongwa na mtu ambaye hakuiona."

"Mato yangu mazima!" Baba akikasirika Kimvita chake hutoka kama kilivyo, cha nyanya yake, macho yakawa mato na mchana ukawa mtana. "Mato haya yamesoma mitambo ya Kipevu, wewe hujaota meno. We bibi, wamsikia mwanao?"

Mama alikuwa na samaki mmoja, changu, mkononi. Alivuta mwiba mrefu, akauweka kando ya sahani.

"Twende kwa daktari wa macho basi," kaka alisema, kwa upole sasa. "Akutazame tu."

"Wakikutazama huachi kutazamwa. Leo mwanga, kesho matone, keshokutwa mtu aniingize kisu jichoni nikiwa macho. Sitaki."

Walivutana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe kaka, aliyezoea kupatanisha watu wa forodha na wenye malori, akatoa sharti. Geji itengenezwe. Ikishapona, baba akae juu ya pikipiki, aisome mbele yetu. Akiisoma, apande mpaka Malindi akitaka. Akishindwa, ufunguo atautoa yeye mwenyewe, na kesho yake waende kwa daktari. Na hadi siku hiyo, pikipiki isitoke.

"Wallahi nimekubali," baba alisema. "Lakini itengenezwe hapa hapa, isipelekwe kwa hawa mabingwa wa kubadilisha. Ataitengeneza huyu." Akanielekezea kidevu. "Ndoo hapa, mwanangu."

"Abee, baba."

"Huyu ndiye aliyekuwa akinishikia bisibisi."

"Baba, huyu anaandika hadithi," kaka alisema.

"Basi na hii aimalize."

Nilianza vibaya. Nilianza na umeme, kwa kuwa umeme ndio unaoogopwa, na mtu asiyejua huanzia pale panapotisha. Nilifungua taa ya mbele, nikakuta waya zimekaa humo kama matumbo ya samaki, rangi zote zimepauka kuwa moja. Waya mmoja uliofungwa kwenye chasisi ulikuwa umeliwa na chumvi mpaka umegeuka unga wa kijani. Nikaukwangua kwa kisu, nikaufunga upya. Vitaa vya ndani ya geji zote mbili, ambavyo tangu utoto wangu vilikuwa hafifu, vikawaka vyeupe. Nikapiga kelele. Baba akaja na kanga ya mama mabegani, akainama, akaona mwanga.

"Mashallah," alisema. "Sasa mshale uko wapi?"

Mshale ulikuwa kwenye ishirini. Mwanga ulikuwa umeuonyesha vizuri zaidi, basi. Nilikaa chini sakafuni nikaelewa kwamba siku nzima nilishughulika na umeme, na mshale ule hautumii umeme kabisa. Unavutwa na kebo. Baba alikuwa ameniambia nilipokuwa mdogo, juu ya tangi, na nilikuwa nimesahau.

Siku iliyofuata nilisukuma pikipiki mpaka katikati ya ua, juani, ili nione ninachofanya. Nikaipandisha kwenye stendi kubwa, nikatia gogo chini ya injini, gurudumu la mbele likaning'inia. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Nikalizungusha gurudumu kwa mikono miwili, na mshale ukashuka wote hadi sufuri, ukapumua, ukapanda. Nikazungusha tena: ukapanda, ukashuka. Ulikuwa mzima kama wa dukani.

Nilimpigia kaka simu. Nilimwambia sijui nilichofanya, lakini imepona. Akasema atakuja kesho yake kabla ya kwenda kazini. Akaja, na viatu vyake vya kazi, asubuhi na baridi yake. Nikalizungusha gurudumu mbele yake. Mshale haukuinuka. Nikazungusha kwa nguvu. Ukaruka mpaka mwisho wa namba na ukaganda huko huko, kwenye mwendo ambao pikipiki ile haijawahi kuuota.

Kaka akanitazama. "Jana ilikuwa inafanya kazi?"

"Wallahi ilikuwa inafanya."

"Mtana husema kweli, asubuhi husema uwongo," baba alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Sasa nani alikuwa akiigonga tuktuk, mimi au geji?"

Nilijua kaka ananidhania nini. Alidhani namlinda baba kwa kuchelewesha. Angalau kuchelewesha ni jambo mtu anaweza kulifanya. Mimi nilikuwa sina hata hilo. Kila adhuhuri geji ilipona bila mimi, na kila asubuhi ilikufa bila mimi. Nilifungua kebo upande wa gurudumu, nikaifunga. Nilibana kila skrubu. Nilisoma kwenye simu maneno ya watu wa nchi za baridi, wenye pikipiki kama ile, waliozungumzia barafu na unyevu na sumaku, na hakuna aliyezungumzia geji inayoamka na jua.

Wakati huo baba alikwenda msikitini kwa miguu. Nilimwona kupitia dirisha la meza yangu. Alitoka mapema kuliko zamani, akatembea karibu na kuta, na ncha za vidole vyake zilikuwa zikigusa kila jiwe, taratibu, hadi ukuta ulipokwisha. Hapo alisimama. Kisha akavuka ile nafasi tupu, mkono umetangulia kidogo, mpaka akaukuta ukuta wa jirani. Niliandika sentensi moja siku hizo zote, nikaifuta.

Mama aliniona nikimtazama. Alikuja akasimama nyuma yangu, mikono yake ina harufu ya kitunguu.

"Hiyo geji," alisema. "Ukishaitengeneza, itakuwaje?"

"Ataisoma, mama."

"Asipoisoma?"

Niligeukia dirisha tena. Akanivuta sikio, kidogo tu, kama nilipokuwa mtoto, akaondoka.

Nilimwita fundi wa bodaboda kutoka kituoni, kijana wa bara mwenye mikono myeusi ya grisi na maneno mengi. Aliizunguka pikipiki akicheka.

"Sister, hii si pikipiki, hii ni ya makumbusho. Mzee anaipanda kweli?"

"Anaipanda."

"Hizi saa zake wacha nitoe, nikuwekee ya kichina. Inawaka buluu usiku. Dakika mbili tu."

"We!" baba alimwitia kutoka ndani. "Ukiitoa hiyo nakutoa wewe!"

"Sawa mzee, sawa! Shikamoo!" Akanigeukia, akanong'ona, "Ni mkali. Anaona kweli lakini? Nimemsalimia hapo mlangoni kwa mkono, akausalimia ukuta."

Nilimwambia jua lilikuwa machoni mwake. Fundi akainua mabega. Kabla hajaondoka alipitisha kidole mahali kebo inapoingilia nyuma ya geji, akakinusa, akakunja uso. "Sister, hii pikipiki mnapikia? Inanukia chakula."

Mimi pia nilikuwa nimeisikia harufu ile, siku zote hizo, nikidhani inatoka jikoni.

Asubuhi yake mama alitaka kunipaka mafuta nywele. Alileta chupa yake, ile ya mafuta ya nazi anayoyapika mwenyewe, hukuna nazi, akakamua tui, akalichemsha mpaka mafuta yakajitenga juu na masimbi, mashapo ya tui, yakabaki chini ya sufuria. Akaipindua juu ya kiganja. Hakikutoka kitu. Mafuta yalikuwa yameganda ndani ya chupa, meupe kama nta.

"Kipupwe hiki," alisema. "Itie juani kidogo, yatayeyuka."

Nilibaki nimeishika chupa. Ilikuwa baridi mkononi. Nikatoka nayo hadi uani, nikaiweka juu ya tangi la pikipiki, jua likaanza kuipata, na nikakaa kuitazama kama mtu anayetazama chungu. Pembeni mwa kioo cha chupa weupe ukaanza kulegea, ukawa maji ya dhahabu, ukateremka. Nikalizungusha gurudumu. Mshale ukajitikisa, ukaanza kupanda kwa uvivu.

"Baba!" nilipiga ukelele. "Ile kebo ilipokuwa ikilia, uliitia nini?"

Alitoka akijifunga kikoi. "Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mafuta ya mamako. Chuma cha pwani kinataka mafuta ya nazi. Bawaba zote za nyumba hii nimezipaka hayo, na cherehani, na panga. Umewahi kuona kutu hapa?"

Ni kweli, sikuwahi. Kila chuma cha nyumba yetu kimepakwa mafuta hayo tangu nyumba ilipojengwa, na bawaba haijali ikigandiwa kwa masaa machache ya asubuhi. Mshale unajali. Baba alikuwa amemimina mafuta mengi kwenye kebo msimu wa joto, kebo kwa kuzunguka kwake ikayapandisha juu polepole hadi ndani ya geji, na yakakaa humo, kwenye kile kijiti chembamba kinachobeba mshale, yakingoja baridi.

Mama alikuwa amesimama na kitana, amesikia yote. "Kwa hiyo ni mafuta yangu?" Akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Baba naye akacheka, akiegemea nguzo, mpaka machozi yakamtoka, na kwa muda ule mfupi tulikuwa familia yenye geji mbovu na hakuna kingine.

Kuifungua ilikuwa kazi ya siku mbili. Ringi ya chuma inayokibana kioo haifunguki; inainuliwa kwa ncha ya bisibisi, kidogo hapa, kidogo kule, mzunguko mzima, na ukiwa na haraka kioo hupasuka. Baba alikaa karibu nami muda wote, akiniuliza. Mwanzo nilidhani anauliza kunifundisha. "Ringi imeinuka? Kiasi gani? Kama unene wa sarafu au wa karatasi?" Kisha nikatambua kwamba anauliza kwa kuwa anataka kujua. Kitu kilikuwa mapajani mwangu, umbali wa shibiri mbili kutoka usoni kwake.

Ndani kulinukia kama jikoni kwetu siku ya Ijumaa. Nilisafisha kwa mafuta ya taa na pamba iliyosokotwa kwenye njiti, nikasubiri ikauke, nikatia tone la mafuta ya cherehani ya dukani mahali baba aliponiambia, si zaidi ya tone. Uso wa geji ulikuwa mzuri mno, mweusi, namba zake nyeupe bado kali. Niliufuta kwa pumzi yangu. Nikakumbuka kidole changu kidogo ndani ya mkono wake mkubwa. Nilitamani nipasue kitu. Nilivyokaribia kumaliza ndivyo nilivyokuwa nikitengeneza siku ile yenyewe ya kumjaribu baba, skrubu kwa skrubu, na kuacha sikuweza, kwa sababu macho yanayongojea daktari hayangojei bure, huzidi kuzimika. Na kumaliza ndiko kulikomnyang'anya baba ile geji mbovu, kitu cha mwisho kilichokuwa upande wake.

Asubuhi ya kwanza ya baridi baada ya hapo mshale ulipanda na kushuka bila kasoro. Nikampigia kaka.

Alikuja Jumapili baada ya alasiri. Fundi wa bodaboda naye alikuja, na drili ya umeme, kwa kuwa nilitaka mshale uonekane ukienda kwa mwendo wa kweli na mikono yangu haikutosha. Tulifungua kebo upande wa gurudumu, tukaibana kwenye mdomo wa drili. Drili ikizunguka, geji inadhani ni barabara. Baba alikuwa ameoga, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya Idi. Akapanda juu ya pikipiki akashika usukani. Mama alisimama mlango wa jikoni. Kaka alisimama nyuma ya bega la baba ili aone anachokiona.

"Bismillahi," baba alisema. "Wekeni."

Fundi akabonyeza. Drili ikanguruma chini kwa chini, na mshale ukapanda, mwembamba, mwekundu, mtulivu, ukasimama karibu na thelathini. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, kipaji kimekunjamana.

"Thelathini," alisema. "Haijafika arubaini."

Kaka akatazama geji. Akanitazama mimi. "Sawa," alisema polepole.

Fundi akaongeza. Mlio ukapanda. Baba akainamisha kichwa zaidi, kidogo kwa upande mmoja, kama mtu anayeambiwa siri. "Sitini. Inapita kidogo. Sitini na kitu."

Ilikuwa sitini na kitu. Kaka alianza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyekuja amebeba gunia akaambiwa halitakiwi. "Mashallah, baba. Basi nimekosa mimi." Na mimi nilitabasamu. Nilitaka iwe hivyo kwa kila kiungo cha mwili wangu. Lakini nilikuwa nimeketi chini kando ya fundi, na kutoka pale niliuona uso wa baba kwa mbele, na macho yake hayakuwa kwenye kioo. Yalikuwa yametulia mahali fulani juu ya ukuta wa ua, wazi, yasiyo na kazi. Ni sikio lake lililokuwa limeigeukia drili.

"Moja ya mwisho," baba alisema, amechangamka. "Mpe moto, fundi! Mpaka mwisho!"

Fundi akabonyeza mpaka mwisho. Kebo ikaruka kutoka kwenye mdomo wa drili, ikapiga sakafu kama nyoka, na drili iliyofunguliwa mzigo ikapiga kelele kali inayopanda juu. Geji ikakatikiwa na barabara yake. Mshale ukashuka palepale, laini, bila kukwama popote, kama nilivyoutengeneza, ukalala kwenye sufuri.

"Themanini!" baba alipaza sauti. "Themanini na zaidi! Mmeona?"

Fundi akaachia kitufe. Drili ikazunguka kwa kujikokota, ikanyamaza. Baba alikuwa bado anatabasamu, mikono kwenye usukani, akitungoja. Mama alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Hakuna aliyekuwa na neno, na nilitafuta moja, mimi ambaye kazi yangu ni kuyatafuta, nikakuta mikononi mwangu nimeishika ncha ya kebo, ina joto.

Baba aliusikia ule ukimya. Nilimwona akiusikia. Alikisogeza kichwa kuuelekea, kama alivyofanya kwa drili, akausikiliza hadi mwisho. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa kwa muda baada ya yeye kuliacha.

"Kebo imetoka?" aliuliza.

"Imetoka, baba," nilisema.

"Kitambo?"

"Kabla ya themanini."

Akatikisa kichwa. Akatoa mkono kwenye usukani, akaupitisha juu ya kioo cha geji, akakipapasa pande zote, pale ringi ilipokaa sawasawa na haikuacha hata pengo. "Umeifunga vizuri," alisema. "Haina mwanya." Akashuka. Fundi alinyanyuka kumshika mkono, na baba akaukataa kwa adabu, "Starehe, mwanangu, starehe." Akauchomoa ufunguo. Akaunyoosha mbele yake, kwenye nafasi iliyokuwa kati ya kaka na nguzo, na kaka akapiga hatua moja ya haraka ili mkono wake uwe pale ulipoelekezwa.

Msikiti haukuwa umeadhini magharibi bado. Ilikuwa mapema mno. Lakini alikwishaokota bakora yake, ambayo sikujua kwamba anayo, iliyokuwa imesimamishwa nyuma ya mlango wa mbele. Mama akamfuata hatua mbili akaacha.

"Baba, nikusindikize?" niliuliza.

"Maliza hadithi yako."

Alifungua mlango. Nje kulikuwa na jua la jioni na watoto wakikimbizana. Alisimama kizingitini, ametupa mgongo.

"Huyo daktari," alisema, "kesho saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, inshallah," kaka alisema.

Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuutafuta ukuta. Akauvuta mlango nyuma yake, na ukafunga kimya, bawaba zake zimepakwa mafuta.